Ushuani tunalala, wenye mtaa ni wengine

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakaa Mbezi Beach, yaani ushuani, kwa wenye nazo, sura yake inabadilika kidogo. Shangazi yangu wa Magomeni ndiye balozi wangu mkuu. Mgeni hajakaa vizuri, yeye ameshasema: "Huyu siku hizi yuko Mbezi Beach," halafu ananyamaza ili habari iingie. Mimi nainamia kikombe cha chai. Siku nilipojaribu kumwambia kwamba zinapita wiki nzima sijaiona nyumba yangu kukiwa na jua, alinitazama kama ninayekufuru. "Wenzio wanapatafuta huko hawapapati."

Na kweli wanapatafuta. Watu wa rika langu wananiuliza kila mara: nao wahamie? Kama si Mbezi Beach, basi Salasala, Goba, Madale, Mbweni, popote penye kiwanja kilichopimwa na hewa ya kuvuta. Jibu langu halitoshi kwenye meseji, ndiyo maana naliandika hapa.

Nianze na uzuri, maana upo na sitaki kuuchezea. Nimekulia nyumba ya kupanga: vyumba vinatazamana, korido katikati, choo na bafu uani. Anayesimulia maisha yale kana kwamba yalikuwa sherehe tupu, ama alikuwa mtoto wa mwenye nyumba, ama amesahau. Mita ya umeme ilikuwa moja. Yuniti zikikaribia kuisha tu, kesi inaanza: nani anapiga pasi usiku, nani anagandisha barafu za kuuza, kwa nini chumba cha mwisho wana redio kubwa lakini mchango wao sawa na wa bibi mwenye balbu moja. Mpangaji mmoja akigoma kutoa fungu lake, nyumba nzima inalala giza kwa heshima ya ubishi wake. Asubuhi ndoo zimepangwa mstari mlangoni mwa bafu. Mke na mume wakigombana, mtaa unajua nani kamkosea nani kabla wenyewe hawajapatana. Hata kuugua unaugua hadharani. Na mvua kubwa zikishuka, jamaa zetu wa Magomeni Suna wanapandisha magodoro juu ya makabati wakiusubiri Mto Msimbazi upitishe hasira zake.

Kwa hiyo miezi ya kwanza huku nililala fofofo. Hakuna spika ya baa ukutani, hakuna mtu anayegonga dirisha kuomba chumvi saa tano usiku. Watoto wana chumba chao. Jumamosi mchana kuna upepo, kuna kivuli cha mwembe, kuna mkeka. Ukiwa na kitabu unakimaliza. Sijui kama mtu aliyezoea utulivu tangu utotoni anaweza kuelewa ni starehe kubwa kiasi gani kuamua mwenyewe utasikia nini.

Bahari msiniulize. Jina lina Beach, lakini kati yetu na maji kuna hoteli, kuta na mageti. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka ziachwe mita 60 kutoka ufukweni bila ujenzi wa kudumu. Pita mwenyewe ukaangalie kama utaziona hizo mita. Watoto wakitaka kukanyaga mawimbi, ama tunalipa kiingilio hotelini, ama tunaendesha gari hadi ufukwe wa Coco, tukakutane na watu wa Tandale na Mwananyamala ambao wamefika hapo kwa daladala na mihogo yao mkononi.

Ndoto yenyewe ya kukaa mbali na watu ni ya zamani. Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi: Oyster Bay na bustani zake kwa Wazungu, katikati ya mji kwa Wahindi, Kariakoo na Ilala kwa Waafrika, na baadaye Magomeni. Uhuru ulipokuja, wakubwa wapya wakaingia kwenye nyumba zilezile za Oyster Bay. Mbezi Beach ilikuja nyuma, na haikuanza kishua. Wazee waliopata viwanja huku miaka ya 1980 walikuwa watumishi ambao mshahara haukuwafikisha tarehe 15. Walijenga chumba, wakapumzika mwaka, wakajenga kingine, na katikati wakafuga kuku na ng'ombe wa maziwa ili wasomeshe watoto. Mzee wa nyumba ya pili kutoka kwetu anasema banda lake la kuku liliezekwa kabla ya nyumba. Wazee hao wanajuana kwa majina na kwa madeni. Kuta ndefu zimekuja na sisi. Kisha mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ukaisogeza ndoto ileile mbele zaidi, Mbweni na Bunju, na ng'ambo ya pili Kigamboni. Leo mtu anajenga mbali kiasi kwamba akisema "naenda mjini" anaaga kama msafiri.

Hapo ndipo tunaingia kwenye barabara.

Kutoka kwangu, jirani na Afrikana, hadi ofisini Posta, hazizidi kilomita 20. Jumapili saa moja asubuhi ni nusu saa. Jumatatu hesabu hiyo haipo. Mwaka 2014 upanuzi wa kipande cha Mwenge hadi Tegeta ulipokamilika kwa msaada wa Japani, tulishangilia; magari yakasikia, yakaja. Mwaka 2022 likafunguliwa Daraja la Tanzanite, lile linalopita baharini kutoka upande wa Aga Khan hadi Coco, na daraja la zamani la Salenda likapumua. Foleni ikajisogeza, ikatusubiri mbele. Kisha Barabara ya Bagamoyo ikachimbwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, awamu ya nne, na nasema hivi bila kulaumu, maana huo mradi ndio tulioulilia. Lakini kuishi ndani ya mradi si sawa na kuusoma gazetini.

Basi utaratibu ni huu. Saa kumi na robo alfajiri simu inalia. Saa kumi na moja kasoro niko barabarani, na hapo Lugalo nakuta wenzangu wameshajaa, taa nyekundu za nyuma hadi mwisho wa macho. Kabla ya saa kumi na mbili na nusu nimeegesha Posta. Kazi inaanza saa mbili. Kinachoendelea katikati ya saa hizo mbili hakiandikwi popote, nacho ni maisha ya watu wengi sana mji huu. Pita maegesho yoyote ya Posta muda huo, chungulia vioo. Viti vimelazwa. Kuna baba wa makamo, tai imening'inizwa kwenye kioo cha mbele, mdomo wazi, amelala usingizi wa haki. Kuna dada anapaka wanja kwa kutumia kioo cha gari, viatu vya ofisini viko juu ya dashibodi, miguuni kandambili. Kuna anayekunywa uji kwenye chupa ya chai aliyofungiwa nyumbani na mtu ambaye hatamwona hadi usiku. Kijana wa maegesho anajua ratiba zetu zote. Anapita gari kwa gari akigonga kioo kwa kucha: "Dada, saa mbili kasoro robo." Mwisho wa mwezi tunampa chochote.

Jioni hali ni ileile, imegeuzwa upande tu. Ukitoka saa kumi na moja utafika saa mbili. Ukitoka saa moja utafika saa mbili na dakika chache. Sasa mtu mwenye akili atafanyaje? Atatafuta pa kungojea. Wengine wanangojea baa, wengine gym, wengine kwaya. Nina hakika sehemu nzuri ya digrii za uzamili za jioni za jiji hili zimetokana na foleni na si na kiu ya elimu. Ya kwangu mojawapo.

Mafuta nayo yana siku yake. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, wasimamizi wa bei za nishati, wanatangaza bei kikomo, na mume wangu anakaa macho kuisubiri.

Watoto ndio wananiuma zaidi. Basi la shule linapiga honi getini kwetu saa kumi na moja na nusu. Shule yenyewe haiko mbali, ukienda moja kwa moja. Lakini basi haliendi moja kwa moja, linazunguka mageti ya watu wote hadi lijae. Mwanangu wa mwisho anabebwa na dada wa kazi hadi kwenye kiti, mkate mkononi, macho yamefumba. Anarudi saa kumi na moja jioni na mzigo wa kazi za nyumbani. Akicheza, anacheza ndani ya ukuta na dada yake, kwenye simu ya mtu. Likizo ya Desemba tuliwapeleka Magomeni kwa shangazi wiki moja. Walirudi magoti yamechubuka, wanajua michezo ya kombolela na rede, wana matusi mapya manne ambayo nililazimika kujifanya siyajui, na wanaulizia lini watarudi. Kwa nini wasikombolele huku? Wachezee na nani? Mtoto wa jirani yuko kwenye basi jingine, la shule nyingine, nalo halijafika.

Jambo jingine ambalo dalali hasemi: huku kila nyumba ni serikali. Ina wizara ya maji, ya nishati, ya ulinzi na ya ujenzi, na zote bajeti yake ni moja. Maji ya bomba yanatoka Ruvu Chini, na mto ukikauka, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2022 jiji zima lilipoingia kwenye mgao, unakimbilia kisima. Kisima cha huku karibu na bahari ni maji chumvi: yanafua vibaya, yanakausha maua, yanakula mabomba. Unaita boza, gari la kuuza maji. Kwa hiyo lazima uwe na tenki la chini, tenki la juu, na pampu ya kuyaunganisha, na pampu ikifa usiku unagundua kwamba utajiri wako wote hauishindi ndoo. Umeme umetulia kiasi tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024, lakini majenereta na mabetri yaliyonunuliwa enzi za mgao bado yapo stoo yakingoja visingizio. Masika yakija, maji ya ardhini yanapanda, na shimo la choo linajaa bila wewe kulijaza. Hapo unapanga foleni nyingine, ya gari la maji taka. Harufu yake haijali nani ana ukuta wa mawe ya Kunduchi.

Barabara za ndani je? Vumbi. Ndiyo, huku. Utakuta ukuta wa mamilioni umetazamana na shimo ambalo bajaji inalizunguka kwa heshima. Tunachangishana kununua kifusi, tunakimwaga, mvua inakipeleka kwa jirani wa bondeni ambaye hakuchangia.

Na kabla hamjatuonea huruma, niseme upande wa pili. Kodi ya jengo tunakatwa kwenye LUKU, yaani tunaponunua umeme, tangu 2021. Kwa nyumba ya kawaida ya chini ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu ilipopandishwa mwaka 2023. Ya ghorofa ndiyo inalipa 7,500 kwa kila sakafu. Nyumba yangu ni ya chini. Ina vyumba, uwanja, mwembe, na nalipa 1,500. Mwenye kibanda cha vyumba viwili Manzese, naye 1,500. Kwa kiwango hicho, siku tukilalamikia barabara za mtaa nadhani tungelalamika kwa sauti ya chini kidogo.

Sasa nifike kwenye kichwa cha makala. Saa kumi na mbili asubuhi, sisi tukiwa tumenasa Mwenge kuelekea mjini, upande wa pili wa barabara daladala zinakuja huku zimejaa. Zimeleta wadada wa usafi, mafundi, vijana wa bustani, wapishi, kutoka Manzese, Tandale, hata Mbagala. Wanaungana na wanaolala huku: dada wa kazi, walinzi. Mageti yetu wanayafungua wao. Kuanzia hapo hadi magharibi mtaa una wenyewe. Pale kwenye mwarobaini wa kona, walinzi wa nyumba tatu wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Wadada wanasukana wakati nguo zinakauka. Wanajua nani anaumwa, nani kafukuzwa kazi lakini bado anatoka alfajiri na tai yake, mume wa nani amehamishiwa Dodoma na siku hizi anarudi Ijumaa kwa treni ya SGR, na Ijumaa ipi hakurudi. Kila kitu ambacho mama zetu walikuwa wakikijua Magomeni, huku wanakijua wao. Sisi tunajuana kwa rangi za mageti.

Hili sikulisoma popote. Mwanangu yule wa mwisho alianguka kutoka kwenye ukuta mdogo wa jikoni, akapasuka juu ya jicho. Mimi niko Makumbusho, gari halisogei. Dada alinipigia akiwa ameshatoka nje. Hakuhitaji maelekezo yangu. Alikimbilia geti la bluu, kwa dada mwenzake ambaye huwa wanasukana. Yule akamwamsha dereva wa bosi wake. Mlinzi wetu akabeba mtoto na taulo la damu. Nilipopiga tena walikuwa wameshafika hospitali, anashonwa. Jioni nilikwenda geti la bluu kushukuru. Mama wa nyumba ile tulikuwa tukipungiana mkono kwenye magari tangu tuhamie. Aliniambia jina lake, nikamwambia langu, tukacheka kwa aibu, na dada zetu wawili wamesimama pembeni wakitutazama kama wenyeji wanaowatambulisha wageni.

Serikali ya mtaa ilinipa somo lilelile kwa ufupi. Nilihitaji barua ya utambulisho. Mjumbe, mama mmoja mpole, aliniuliza nakaa wapi, nikaeleza, hakunifahamu. Nikataja jina la dada wa kazi. "Ah! Wewe ndiye mama wa huko? Karibu, mwanangu, kaa."

Sasa kwenye kona ileile ya mwarobaini kuna genge. Mama mmoja anauza nyanya kwa mafungu, vitunguu, mchicha, ndizi, na jioni anakaanga samaki. Mwaka jana mtu aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp la wakazi kwamba genge "linashusha hadhi ya mtaa", na kwamba thamani ya nyumba zetu inaanguka kwa sababu ya moshi. Vidole gumba vikamiminika. Mwingine akapendekeza tumpelekee mwenyekiti wa mtaa. Watu hao hao hawajawahi kukubaliana kuhusu kifusi, lakini kuhusu nyanya walikuwa kitu kimoja ndani ya dakika kumi.

Niliandika, na nikajibiwa vibaya, na bado nasimamia nilichoandika: kama kuna ulinzi shirikishi mtaa huu, ni yule mama. Yuko pale kuanzia saa moja asubuhi hadi usiku. Anajua gari geni. Mtoto akishushwa na basi na dada hajatoka, anamkalisha kwenye benchi lake na kumkatia ndizi. Anakopesha mchicha tarehe 20 na kuandika kwenye daftari. Tuna nyaya za umeme juu ya kuta na kampuni za ulinzi zenye ving'ora, na bado mtu pekee anayeutazama mtaa kwa macho yake tunataka kumwondoa ili tubaki na kuta.

Yakafikia wapi? Alisogezwa upande wa pili wa mtaro, hatua chache, akaambiwa apake meza rangi. Akapaka kijani. Aliyeanzisha mjadala ule anamtuma dada yake hapo kila jioni kununua samaki. Najua kwa sababu dada yangu huwa anakutana naye.

Ninarudi Magomeni? Hapana. Usingizi nimeshauonja. Lakini binamu yangu aliyebaki kule ananiacha mdomo wazi. Tangu mwendokasi uanze mwaka 2016 anatoka nyumbani saa moja asubuhi, anapandia kituo cha Magomeni Mapipa, anasimama amebanwa kiasi cha kushindwa kujikuna, na kabla ya saa mbili yuko Kivukoni. Jioni anafika nyumbani watoto bado wako uwanjani. Ana chumba na sebule, kelele za kutosha, na saa nne kwa siku ambazo mimi sina. Shangazi hamtaji kwa wageni.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua kiwanja Madale au Goba, hili ndilo jibu langu. Dalali atakupeleka Jumapili saa nne, barabara tupu, upepo mzuri, na atakwambia "ni dakika tano tu kutoka lami". Mpe hela yake ya usumbufu, mshukuru. Halafu rudi peke yako Jumatatu, uwe pale saa kumi na moja alfajiri, uende kazini kwako kutokea hapo, na jioni urudi hapo kabla ya kwenda kwako. Angalia mwendokasi unapita wapi au utapita wapi kabla ya kuangalia mandhari. Uliza kituo cha bodaboda bei ya kwenda lami wakati wa mvua. Na habari za maji usimuulize mwenye nyumba. Muulize dada anayefua.